Mbuzi Ilitoka Vizuri Sana

Musinicheke kwanza, mungoje nimalize, juu mimi mwenyewe najua kwamba mpaka leo nikipita soko ya hapa Shari, mutaa wetu wa Bunia, kuna mama mumoja muuza mihogo ambaye anafanya "meee" chini-chini halafu anajifanya anakohoa, na mimi najifanya sikusikia kitu, tunasalimiana vizuri, namuuliza habari ya watoto, ananijibu na sura ya kanisa. Yeye amezoea. Mimi sijazoea. Lakini kuliko mutu ingine awaelezee na kutia chumvi yake (na Bunia hatukosi watu wa chumvi), afadhali munisikie mimi mwenyewe, Dido mupiga foto, namna nilivyofanya muzee wa watu alie mutoto wake muzima, na namna nilivyokaribia kumuua huyo muzee na foto ya mbuzi.

Ilikuwa ile miaka watu walisema vita ya Ituri imeisha, lakini vita yenyewe ilikuwa haijapata habari. Mujini ulikuwa unaona askari wa kofia ya bleu, wale wa Umoja wa Mataifa, na magari yao meupe, soko inafunguka, watoto wanaenda masomo, lakini ukitoka kidogo upande wa Djugu ao upande wa ziwa, hakuna mutu aliyeweza kukuambia leo nani anashika njia. Unauliza tu yule aliyefika asubuhi. Mimi nilikuwa na studio yangu hapa Shari, chumba kimoja na shuka ya bleu ukutani, kazi yangu ni foto za karte, za kitambulisho: unakaa, unanyanyua kidevu, unaacha kupumua, basi, umekwisha. Kazi nilifundishwa na muzee mumoja wa zamani, kazi ya chumba cha giza, unatia karatasi ndani ya dawa, inakuwa nyeupe tu, unangoja, unangoja, na sura ya mutu inaanza kutoka polepole, kwanza nyusi, kisha macho. Niliipenda sana ile saa ya macho. Ndiyo iliyoniponza, mutaona.

Sasa, ofisa mumoja wa kofia ya bleu, niliyemutengenezea foto nyingi za kutuma kwao, alipokuwa anarudi kwao akaniachia kamera yake ya numerike, isiyotumia filimu, ile kubwa yenye lensi ya kuondoa na kurudisha, pamoja na printa ndogo. Ya kwanza katika kartie, mutaa wetu wote! (Ao ndivyo nilivyokuwa nasema, na hakuna aliyenibishia.) Akanifundisha mangaribi moja tu, kwa Kifaransa ambacho yeye hakukijua na mimi nilikuwa nakiogopa. Nilichoshika ni kwamba kuna mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni namna kamera inapima mwanga: inaweza kupima mahali pote pamoja, ao inaweza kupima kidoti kimoja tu pale katikati na kusahau vingine vyote. La pili ni namna inatafuta kitu cha kushika kisitoke na ukungu: unaweza kuichagulia weye mwenyewe mahali pa kuangalia, ao unaiacha ijichagulie. Na yule ofisa akagusa ile alama ya kidoti, akanyanyua kidole gumba, akasema hii ndiyo ya watu wanaojua kazi. Bon. Mimi ni mutu wa namna gani? Nataka kuwa mutu anayejua kazi.

Basi siku moja Papa Yona akaja studio. Papa Yona ni jirani yangu, mutu wa Djugu, alikimbilia Shari na watu wa kaka yake wachache aliowaokota njiani, kati yao Dorkasi, binti wa kaka yake, muzuri, mwenye heshima, ananiita Yaya Dido, maana yake kaka mukubwa. Kaka mwenyewe, Muzee Zakaria, na bibi yake, mama ya Dorkasi, walikimbia na njia ingine mpaka Kasenyi, wakavuka ziwa, wakaishia kambini Uganda. Toka siku ile hawakuonana na Dorkasi tena. Simu mujini zilianza kuwepo, lakini kule kambini hakuna mutu wao aliyekuwa nayo. Habari zilikuwa zinapita katika midomo ya wauza samaki. Na sasa kijana mumoja, Patriki, alikuwa amechimba zahabu kule Nizi mpaka mugongo wake ukapinda, ili apate mbuzi za kumuoa Dorkasi, na mbuzi zilikuwa zimefika, zinakula majani ya viazi vya Papa Yona.

"Dido," Papa Yona akaniambia, "kwetu mbuzi haipokelewe na mudogo kama mukubwa anaishi. Nimemutumia kaka yangu habari, ameitika, lakini anataka aone mbuzi na mutoto katika foto moja. Mbuzi, juu asisikie kesho kwamba nilizikula. Na mutoto..." Akapangusa kiti cha wateja na mukono. "Na mutoto, juu kila mara tunamuambia ni muzima, na yeye anatuitikia tu kwa adabu. Mama yake halali. Kaka akiona sura yake, atatoa ndiyo yake na arusi itafungwa. Bila hiyo ndiyo, hakuna arusi."

"Papa, hiyo ni kazi ndogo," nikasema. Ndogo! Mudomo huu.

Siku ya foto, parseli ya Papa Yona, uwanja wa nyumba yake, ikajaa watu kama kuna matanga. Tukamusimamisha Dorkasi nyuma, kwenye kivuli cha paa, ametulia, amevaa kitambaa kipya cha kichwa alichokiazima akakipenda akakinunua, na nyuma yake kabisa ile bashi nyeupe, turubai waliyogawiwa wakimbizi, na jua linapiga juu ya bashi. Mbele yake tukapanga mbuzi na kamba, na katikati ya mbuzi akasimama beberu mumoja mweupe, mwenye ndevu, mwenye kiburi, ananiangalia mimi moja kwa moja. Wengine wote walikuwa wanageuza matako. Yeye hapana. Kama angekuwa mutu ningemupiga foto ya karte.

Ndipo jirani mumoja akauliza nyuma yangu, kwa ile sauti ya kuharibu mutu: "Hiyo mashini inajua kazi, ao ni ya kufunga shingoni tu?" Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kuacha kamera ipime pote kama ilivyokuwa tangu asubuhi, nikageuza kile kigurudumu taratibu ili wote waone, nikatia kidoti, nikasema kwa sauti: "Wenye kujua kazi tunapima na kidoti!" Na ile ya pili, ya kuchagua mahali pa kuangalia, nikaiacha kamera ijichagulie yenyewe, juu kichwa changu siku ile hakikuwa na nafasi ya mambo mawili. Jamani, hiyo tu. Kidole kimoja, kigurudumu kimoja. Yote yaliyofuata yalitoka pale.

Maana kidoti kilikaa wapi? Juu ya mbavu za beberu. Kamera ikapima weupe wa beberu, ikasema, eh, hapa kuna mwanga mingi sana, tupunguze, ikapunguza kila kitu. Na ilipojitafutia kitu cha kushika, ikachukua kile kilicho karibu, beberu tena. Dorkasi kule nyuma, kivulini, kamera haikuwa na habari yake. Mimi nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaangalia kile kioo kidogo cha mugongoni, lakini na ile jua nani anaona kitu? Nikaikuza ile foto pale katikati, nikaona unywele mumoja-mumoja wa ndevu. "Inakata kama wembe!" nikapaza sauti.

Patriki akasogea. "Na Dorkasi?"

"Dorkasi iko nyuma ya mbuzi, ataenda wapi?"

Watu wakacheka tena, safari hii na mimi. Nilifurahi, siwafichi.

Sasa kulikuwa mama mumoja wa Butembo, Mama Kavira, anayenunua samaki ya chumvi Kasenyi na kuvuka mpaka ng'ambo kuuza vitunguu. Yeye ndiye angepeleka foto. Gari lao lilikuwa linaondoka na askari wa kulisindikiza, na ukilikosa hakuna anayejua litaondoka tena siku gani. Kwa hiyo mimi natengeneza foto na jenereta ya jirani inakohoa, na barabarani gari linapiga honi, na Papa Yona amesimama mulangoni anaangalia barabara, anaangalia printa, anaangalia barabara. Karatasi ikatoka kidogo-kidogo. Beberu alitoka vizuri sana. Vizuri! Ungefikiri utamushika. Na nyuma yake, giza, na ndani ya giza kitu kirefu kama nguzo kimefungwa kitambaa.

Papa Yona akaileta karibu na uso. "Mbona mutoto amekuwa mweusi hivi? Sioni macho."

Na mimi, musikie vizuri, mimi mutu wa chumba cha giza, niliyezoea miaka mingi kwamba sura inatoka polepole, kwamba karatasi mbichi si karatasi kavu, nikamujibu bila kufikiri mara mbili: "Papa, bado iko na maji. Ikauke kwanza. Ikikauka macho yatatoka."

"Itakauka saa ngapi?"

"Na upepo ya ziwa? Mbio!"

Akaniamini. Hiyo ndiyo inayoniuma. Nilikimbia na ile foto ndani ya bahasha mpaka parkingi, nikampa Mama Kavira dirishani, akaitia ndani ya begi juu ya vitunguu, na gari likaondoka.

Kesho yake nikaangalia kopi niliyokuwa nimeitundika studio kwa kamba. Kavu kabisa. Kavu kama chapati ya jana. Na giza ni lile lile. Nikaitia juani. Nikaipuliza. Nilikuwa kidogo niitie ndani ya dawa ya zamani, wallahi, nikijua kabisa kwamba ile printa haina mambo ya dawa. Kisha nikachukua kamera, nikaona kile kigurudumu pale kwenye kidoti, nikaelewa yote mara moja. Nikajiambia: Dido, muzee ataona mbuzi, atacheka, atasema huyu mupiga foto ni mujinga, ataomba ingine. Ni hivyo tu. Nilijiambia hivyo wakati wa kula, wakati wa kulala, wakati wa kupiga wateja foto, mpaka muteja mumoja akaniuliza nasali sala gani.

Mama Kavira akarudi. Hakupita sokoni kwanza kushusha samaki. Alikuja moja kwa moja studio, na vumbi ya njia usoni, akasimama.

"Dido. Ulinituma na nini kule?"

"Na foto, Mama."

"Foto ya nani?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, pale mbele ya shuka ya bleu, akanieleza. Kwamba Muzee Zakaria alipokea foto na mikono miwili. Kwamba aliangalia mbuzi, akacheka, akamuita bibi yake. Kwamba wakaanza kumutafuta mutoto, wakageuza foto huku na huku, wakaenda nayo juani, wakarudi nayo kivulini. Majirani wakaja. Na kule kambini watu walikuwa wamesikia kwamba Shari walipiga masasi ya bunduki, na ni kweli tulisikia masasi ile wiki, lakini mbali. Na mama mumoja muzee akasema lile neno: mutu akiwa muzima wanamuonyesha sura. Akasema: hawa wameogopa kukuambia kwamba mutoto hayuko tena, wamesimamisha mutu ingine nyuma ya mbuzi, gizani, ili usijue.

"Mama yake akaanguka chini," Mama Kavira akasema. "Wakakaa matanga, Dido. Muzee akanyolewa nywele. Mimi nikamuambia, Papa, sijasikia kilio chochote kule Shari. Akaniuliza: weye, ulimuona mutoto wangu na macho yako? Ningesema nini? Nilikuona weye, dirishani, na bahasha."

"Sasa muzee iko wapi?"

"Anakuja. Tulivuka boti moja. Anasema anakuja kuona kaburi. Pale Kasenyi gari letu lilikuwa limejaa mpaka juu, hakukuwa hata nafasi ya kutia mukono, akasema basi atapanda na watu wa baiskeli, wale wanaobeba samaki. Bila askari, bila kitu. Nilimukataza. Akaniambia mutu anayeenda kuzika haogopi njia."

Nilisikia baridi mwili mzima, saa sita ya mchana. Muzee wa watu, na njia ile, juu ya kidoti changu.

Tulienda pamoja kwa Papa Yona, Mama Kavira mbele na mimi nyuma kama mwizi wa kuku. Parseli ilikuwa na watu, juu walikuwa wanatayarisha mambo ya arusi: bamama wanachagua mchele, Patriki anafunga mbuzi, Dorkasi anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama Kavira akaeleza yote, mbele ya wote, hakuruka kitu. Mimi nilikuwa nimekuja na ile kopi mufukoni, Papa Yona akanyoosha mukono bila kuniangalia, nikampa, ikapita kwa mukono huu na mukono huu. Kila mutu aliipokea akaangalia, kisha akaniangalia mimi. Mama mumoja akasema pole-pole: "Mbuzi ilitoka vizuri." Hakuna aliyecheka.

Dorkasi akaacha mutwangio ndani ya kinu. "Papa anasema nimekufa?"

"Si yeye anasema," nikajibu. "Ni foto."

"Na foto nani aliipiga?" Kisha akaishika yeye mwenyewe, akajitafuta mule ndani, na sauti yake ikawa ndogo: "Yaya Dido, hukuniona pale? Nilikuwa nimesimama mbele yako."

Ningependa kuwaambia nilijibu kitu cha maana. Nilisema, "Nilitegemea ikauke."

Na kama haikutosha, pale pale kijana wa pikipiki akasimama mulangoni, hakuzima hata moto wa mashini, akapiga kelele: "Muko na mutu njia ya Kasenyi? Wamepiga magari! Masasi inalia sasa hivi!" Akaendelea na parseli ya kufuata. Basi bamama wakaanza kushika vichwa. Papa Yona akakaa juu ya kinu. Na Dorkasi akatoka mbio vile alivyo, na mikono yake ya sombe, na siye wote nyuma yake.

Tukaenda kusimama pale muji inapoishia, njia ya Kasenyi inapoingia. Kulikuwa na watu wengine wengi wamesimama, kila mutu na mutu wake anayemungojea. Mimi nilikuwa nimebeba kamera shingoni, sijui juu ya nini, nadhani mukono uliichukua wenyewe, na kila aliyeniona alinikasirikia, alifikiri nimekuja kuwapiga foto watu katika mateso yao. Mama mumoja asiyenijua akaniambia nikapige foto ya mama yangu. Nilimupa haki.

Gari ikafika, vioo vimevunjika. Tukauliza. Hakuona muzee yoyote. Ikafika ingine. Hakuna. Wakaanza kufika watu wa baiskeli, wamoja-wamoja, bila samaki, wengine bila baiskeli, wanasema walilala ndani ya majani, wanasema walitupa kila kitu. Dorkasi alikuwa anamukamata kila mumoja mukono: "Hamukuona muzee amenyolewa kichwa? Murefu? Hamukumuona?" Mumoja akasema alimuona muzee kama huyo amekaa juu ya baiskeli ya mwenzake, lakini mbele ya masasi. Baada ya masasi hajui. Patriki akaja karibu na mimi, akanisemesha kwenye sikio, bila hasira hata kidogo, ndiyo sababu niliogopa zaidi: "Dido, muzee akifia njiani, arusi hakuna. Na weye hakuna."

Nilianza kusali. Sala yenyewe ilikuwa mbaya, siwezi kuirudia mbele ya watu, nilikuwa naahidi Mungu vitu ambavyo sina. Niliahidi kamera. Niliahidi studio. Niliahidi kuacha mudomo. Jua lilianza kushuka upande wetu, na wale waliopata watu wao walikuwa wanaenda nyumbani, na siye tuliobaki tulikuwa tunazidi kusogeleana.

Kisha tukaona watu wawili wanatembea, wanasukuma baiskeli moja yenye gurudumu limepinda. Mumoja kijana. Ingine murefu, kichwa kinang'aa, suruali imepasuka kwenye goti, na usoni matope yote. Papa Yona akasema tu, "Kaka." Lakini muzee alikuwa anatembea ameangalia chini, na alipotuona akamushika Papa Yona mabega, akaanza kulia kile kilio cha matanga, kwa sauti, anauliza: "Yona, mulimuweka wapi? Yona, mulimuweka wapi mutoto wangu?" Na Dorkasi amesimama pale pembeni, karibu kabisa, anasema "Papa, Papa, Papa," na yule muzee hamusikii! Watu wengi wanalia siku ile, kila mutu anaita papa wake. Papa Yona akamugeuza kwa nguvu.

Muzee akanyoosha mukono, akamushika Dorkasi kidevu na vidole viwili, akamugeuza uso upande wa jua. Hivi, taratibu. Akaangalia jicho hili. Akaangalia jicho hili. Akamupangusa shavu, akamupaka matope, akamupangusa tena. Halafu akakaa chini barabarani kama mutoto, na Dorkasi akakaa naye, na siye wengine tukageuza nyuso, juu kuna vitu haviangaliwi.

Ndipo nikafikiri nitoroke. Kweli kabisa. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyuma kidogo, kamera chini ya shati, niliposikia sauti ya muzee: "Nani alipiga ile foto?"

Eh! Hakuna aliyesema jina langu. Wote walinyoosha vidole. Wote, hata wale tusiojuana, waliokuwa wamesikia habari pale tulipokuwa tunangoja. Kuna mama alininyooshea mutoto wake muchanga. Nikasogea, kamera imetokeza chini ya shati kama mimba.

"Ni mimi, Papa. Unisamehe, Papa."

Akaniangalia sana. "Weye," akasema. "Yule beberu wako, hata nikikutana naye Kampala nitamusalimia. Namujua mpaka ndevu." Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa na woga siku nzima, wanashikana, wanapiga mapaja, na kutoka pale ndiyo hilo "meee" lilianza, lilianzia pale barabarani. Nilitamani barabara ipasuke. Lakini muzee hakuwa anacheka. Alisema: "Mama yake bado amekaa chini kule kambini, kwenye matanga. Anakula kama wamemulisha kwa nguvu. Hii njia siwezi kurudi nayo kesho, na nikimutumia neno hataamini neno. Nyanyua mashini yako. Piga mutoto. Na safari hii toa mbuzi."

Jamani, nimepiga foto za wakubwa, nimepiga foto za maiti, sijawahi kuogopa kazi vile. Mwanga ulikuwa unaisha. Watu wote wamenizunguka, kila mumoja ni mwalimu: sogea, inama, acha kidoti, tia kidoti! Nikafikiri nirudishe kamera ipime pote, lakini jua lilikuwa nyuma ya kichwa cha Dorkasi, ingemufanya giza tena. Basi nikaacha kile kidoti, ila nikakichukua mimi mwenyewe nikakitia juu ya shavu lake, nikakataza kamera kujichagulia, nikaiambia hapa, kwenye jicho hili, siyo mahali pengine. Nikasogea mpaka Dorkasi akasikia pumzi yangu. Nikamuomba muzee akae karibu naye. Akakataa: "Mimi anajua niko. Piga yeye."

Nikabonyeza. Mama Kavira akavua kitenge chake cha juu, akafunika kichwa changu na cha muzee pamoja, tukaangalia kile kioo kidogo mule gizani, siye wawili, na jasho yetu. Nikaikuza. Si katikati safari hii, kwenye uso. Yalikuwepo macho, mekundu, yamevimba, na chini yake ile alama ya matope ya vidole vya baba yake. Muzee akapumua ndani ya kile kitenge pumzi ndefu, akasema: "Huyu ni yeye." Akakaa mule ndani muda, hakutaka kutoka.

Niliitoa kwenye printa usiku ule, na Mama Kavira akaipeleka, siku gari lilipopata tena askari. Ile wiki sikuweza kula. Nilikuwa nauliza kila mutu wa samaki, hata wale wanaouza samaki ya mutoni tu. Aliporudi, tulikuwa wote kwa Papa Yona, muzee amekaa kivulini anamuona beberu na macho yake mwenyewe, na Mama Kavira hakutusalimia hata.

"Nilimupa," akasema. "Aliishika, akainuka pale chini, akaenda nayo kwenye mwanga, mulangoni. Akaangalia mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akaniuliza: mbona amekonda hivi? Yona anamulisha nini huyu mutoto?"

Papa Yona alinuna mpaka siku ya arusi. Muzee Zakaria alicheka mpaka akalia. Dorkasi akaingia nyumba na hakutoka haraka. Na mimi nikarudi studio, nikafunga mulango, nikakaa mbele ya ile shuka yangu ya bleu, nikaapa peke yangu na kwa sauti: kuanzia leo, mutu atapiga honi mpaka betri yake iishe, askari wa kusindikiza wataondoka wote, foto ya mutu haitoki katika mikono yangu kabla nimuone macho.